Nishani ya Namba Arobaini na Moja

Barking, London
Jumapili, 11 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nimevaa soksi mbilimbili na koti, humu humu ndani, maana baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Vinginevyo ni mzima. Nakula, naenda misa, na lile goti limepona. Baba alinipigia juzi akasema masikio yako sasa yamegoma kabisa, na simu niliyokuletea umeifungia kabatini pamoja na sahani za wageni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu aliyekaa dirisha la posta ya Mbinga miaka thelathini na minne unampa simu ya nini? Basi tutaandikiana, nami nitaangalia mwandiko wangu usije ukanirudishia barua imesahihishwa kwa wino mwekundu.

Habari kubwa ni kwamba kampuni imenipa bibi mpya wa kumhudumia asubuhi na jioni. Anaitwa Daisy, ana miaka tisini na tisa. Huku mtu wa umri huo wanamwita kwa jina tupu, ila ulimi wangu umekataa, namwita Bibi Daisy na ameshazoea. Anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu, nyumba yenye mlango wa njano. Hana mtoto, na mumewe alifariki zamani. Mdomo wake ni wembe. Siku ya kwanza aliniambia chai yangu ni maji yaliyoonyeshwa majani.

Ana jambo moja linalonishangaza. Wakati wa vita vya Hitler alifanya kazi katika kiwanda cha kujaza baruti kwenye mabomu, huku huku mashariki ya London, na kiwanda kikalipuka. Serikali ikampa nishani ya ushujaa kwa kuwatoa wasichana watatu kwenye moto. Sasa kamati ya historia ya mtaa inaandaa sherehe, maana Julai hii inatimia miaka themanini. Walikuja kumwomba avae nishani yake siku hiyo. Akawajibu, uso mkavu: “Tarehe kumi na tatu Julai nitakuwa na mafua.”

Nishani yenyewe iko kwenye kijisanduku nyuma ya kopo la sukari. Nikipangusa rafu, yeye hutazama dirishani.

Msalimie baba, mwambie aache kubishana na daktari wa meno.

Wako,
Blandina

*

Mbinga
Jumapili, 3 Machi 2024

Mwanangu Blandina,

Marahaba. Huku mvua ni nzuri, migomba imesimama, kahawa imeshika matunda vizuri. Baba yako amekubali kung'oa jino, sasa anawahutubia watu wote juu ya ujasiri wake. Masikio yangu yamekufa lakini macho ni mazima, nasoma hata yale maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa.

Barua yako aliniletea Samson, yule aliyekuwa akiendesha gari la barua kutoka Songea. Sasa naye kastaafu. Anapita posta kila siku kwa mazoea, basi ananiangalizia sanduku langu. Alikaa akanywa chai. Anasema salamu.

Nimeisoma habari ya huyo bibi mara mbili. Mwenye nishani asiyetaka kuionyesha ama ni mnyenyekevu kupita kiasi, ama ana jambo. Mimi katika maisha yangu wanyenyekevu wa kupita kiasi nimewaona wawili, na mmoja alikuwa anajifanya. Usimwulize kitu. Mpikie. Mtu mzima akishiba vizuri husema mwenyewe.

Na hiyo chai, tia majani ya kutosha. Mimi sikukulea hivyo.

Shangazi yako,
Placida Hyera

*

Barking
Jumanne, 16 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia juu ya jino la baba, na kahawa, na huyo Mzee Samson anayepita tu kwa mazoea. Huku jua limeanza kutoka na Waingereza wameshavaa kaptura.

Nilimpikia Bibi Daisy wali wa nazi. Alikula sahani mbili, akauliza kama kwetu tunakula hivyo kila siku. Nikamwambia hapana, kwetu ni ugali na maharage, wali huu nimejifunza kwa dada mmoja Mzanzibari wa hapa Barking. Siku ya tatu, nikiwa namkausha miguu, akaanza mwenyewe kusema. Nilipiga magoti pale chini na taulo mkononi karibu saa nzima.

Kiwandani kwao, anasema, hakuna aliyeruhusiwa kuingia na chuma mwilini, maana cheche moja ingewamaliza wote. Pini za nywele, hereni, pete ya ndoa, vyote viliachwa getini. Walivaa viatu vya kitambaa na kofia zilizoshuka hadi kwenye nyusi. Kila msichana alivikwa shingoni kibao cha mbao chenye namba, na ofisini walimwandika kwa namba hiyo. Daisy alikuwa arobaini na moja. Rafiki yake Emma alikuwa arobaini na mbili.

Siku ile mchumba wa Daisy alikuwa amepewa ruhusa ya siku moja kutoka jeshini. Daisy yeye hakupewa ruhusa, na kukosa zamu wakati wa vita ilikuwa kesi. Emma alikuwa na siku yake ya mapumziko. Akasema, “Lete kibao chako.” Akaingia getini akiwa arobaini na moja, na chini ya kofia ile hakuna aliyemtambua. Daisy akaenda kutembea na mchumba wake kando ya mto. Saa tisa mchana wakasikia kishindo, vioo vya mtaa mzima vikamwagika barabarani.

Shangazi, Emma alikuwa karibu na mlango. Angeweza kukimbia. Alirudi ndani mara tatu, na kila mara akatoka na mtu. Ule mlango ulikuwa wa chuma, umeshika moto, na alikuwa akiusukuma kwa viganja vyake. Alilazwa hospitali wiki sita, uso umefungwa, mikono imefungwa, na juu ya kitanda wameandika jina la Daisy, kwa sababu ndilo la namba iliyokuwa shingoni. Daisy alipokwenda kumwona alitaka kusema ukweli palepale. Emma akamkataza. “Wewe utashtakiwa kwa kukosa zamu, na mimi kwa kuingia na namba ya mtu. Nyamaza, uolewe.” Kiwanda kilikuwa kimefungwa, hakuna aliyehesabiwa kazini; Emma akapona, akaenda kwao pwani.

Mwaka uliofuata ikaja nishani, jina la Daisy limechorwa ukingoni. Aliipokea mbele ya watu wengi, amevaa glavu, wasije wakaona mikono isiyo na kovu. Alimwandikia Emma mara mbili, hakujibiwa. Hata mumewe alikufa hajui.

Sasa anataka kitu kimoja tu, nishani imfikie Emma au mtu wake kabla yeye hajaondoka. Alinishika mkono akanitaka nisimwambie mtu mpaka nimpate. Nikaomba ruhusa nikwambie wewe. Akasema mtu aliye Mbinga hawezi kumsengenya Barking, mwandikie.

Anachokumbuka ni jina la Emma la usichana na mji mmoja mdogo wa pwani ya Essex. Mtandaoni nimekuta watu wa jina hilo mia kadhaa, na wanawake huku wakiolewa hubadilisha jina. Wewe ni mtu wa posta. Mtu ambaye anwani yake ina miaka themanini anatafutwaje?

Wako,
Blandina

*

Mbinga
Jumapili, 5 Mei 2024

Blandina,

Marahaba. Tuko wazima. Mvua zinaelekea mwisho, asubuhi baridi imeanza. Samson amenirekebishia mlango wa jiko, maana ulikuwa unalia.

Kabla ya hayo ya Emma, tuzungumze juu ya bahasha yako. Barua zako zote unaandika Jumapili baada ya misa. Ukurasa mmoja, ukinipenda sana viwili. Hii ni ya Jumanne, ina kurasa sita, mwandiko umenyooka kama uliandika mezani, na muhuri ni wa siku hiyohiyo. Mfanyakazi mwenye mtu wa asubuhi na mtu wa jioni anapata wapi kurasa sita siku ya Jumanne? Halafu umeniambia kila kitu juu ya nishani isipokuwa iko wapi sasa. Mimi nimesoma bahasha za watu miaka thelathini na minne, usinichezee. Uko nyumbani. Kwa nini?

Haya, Emma. Usimwandikie mtu, andikia mahali. Hapa kwetu zilikuwa zikija barua zimeandikwa “Kwa mama wa mapacha, aliyeolewa na fundi baiskeli, karibu na kigango,” na zilifika. Mtu akihama, jirani hubaki anajua alikoelekea. Mwandikie kasisi wa kanisa la mji huo, mwombe aulize wazee wake. Juu ya bahasha andika kila unachokijua, mpaka mpeleka barua aone haya kuirudisha.

Nasubiri jibu la swali la kwanza.

Shangazi

*

Barking
Jumatano, 22 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe. Nilidhani bahari yote hii inatosha kukuficha jambo.

Ni kweli niko nyumbani tangu tarehe tisa Aprili. Ilikuwa hivi. Alipomaliza kusimulia, Bibi Daisy aliinuka na gongo lake, akatoa nishani kwenye kijisanduku, akaifunga kwenye leso na kunipa kwa mikono yote miwili. “Mpelekee mwenyewe.” Kazi yetu ina sheria, hatupokei kitu kwa tunaowahudumia, hata pipi, bila kuandika kwenye daftari la zamu. Naijua sheria hiyo kama Baba Yetu. Lakini wewe ulinifundisha mtu mzima akikunyooshea kitu kwa mikono miwili unapokea kwa mikono miwili, hurudishi. Mikono yangu ilipokea kabla kichwa hakijafika. Na ningeandika nini kwenye daftari? Kuandika ni kusema.

Kesho yake kamati wakaja kupiga picha ya nishani. Wakafungua kijisanduku, kitupu. Wakamwuliza Bibi Daisy, akatazama dirishani. Wakapiga simu ofisini kwetu.

Meneja wetu ni Mitesh, kijana wa Kihindi wa Kenton, hapa hapa London. Bibi yake alikuwa na duka Mwanza, ndiye aliyemfundisha Kiswahili cha jikoni. Akanipigia. Nikasema ndiyo, ninayo mimi, na nikaipeleka ofisini palepale. Akaifungia kabatini, akakaa, akashika kichwa.

“Blandina, mimi nataka saidia wewe,” akaniambia. “Lakini hii form nataka sababu. Why did you take it? Niambie kitu moja tu, I'll write it down.”

“Andika nilipewa.”

“Yeye hapana sema alikupa. Yeye nasema nothing.”

“Basi andika hivyo, Mitesh. Mimi siwezi kusema zaidi.”

Nimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Nikionekana mwizi, kazi imekwisha, na kibali changu cha kukaa huku kinafuata kazi. Simchukii Bibi Daisy. Nadhani anaogopa kuitwa mwongo mbele ya mtaa mzima akiwa na miaka tisini na tisa. Nimeahidi, na ahadi yangu ni ahadi. Ila najikuta nalia nikiosha vyombo, mambo ya kijinga.

Nimemwandikia kasisi. Kwenye bahasha nimejaza maandishi mpaka stempu imekosa pa kukaa.

Usimwambie baba.

Blandina

*

Mbinga
Jumapili, 9 Juni 2024

Blandina,

Marahaba. Kahawa imeanza kuiva, vibarua wamefika, baba yako hajui kitu.

Nilikufundisha kupokea kwa mikono miwili, kweli. Sikukufundisha kubebeshwa msalaba wa mtu ukafunga mdomo juu yake. Huyo bibi namhurumia, na nimemkasirikia vilevile, yote mawili yanakaa pamoja bila shida. Yule Emma aliungua akanyamaza. Sasa wewe unaungua unanyamaza. Hivi anataka wangapi?

Ahadi yako itunze, ni yako. Mimi sikuahidi mtu chochote.

Jana nilinunua stempu za barua mbili. Usiniulize.

Kula vizuri.

Shangazi

*

Mbinga
Jumapili, 23 Juni 2024

Mwanangu,

Huu ni waraka mfupi, najua hujapata hata ule mwingine. Nimeona usije ukalisikia kwa baba yako, ambaye tangu asubuhi hajafunga mdomo. Leo padre ametangaza kanisani ndoa ya Placida Hyera na Samson Mapunda, tangazo la kwanza. Nina miaka sitini na nane, najua. Kanisa lilipiga makofi, nimeambiwa, maana mimi sikusikia. Samson ndiye aliyeniandikia kwenye kikaratasi: “Wanapiga makofi.”

Alinichumbia kwa barua. Aliituma kwa posta, akaweka stempu, halafu akaenda mwenyewe kuitoa sandukuni na kuniletea. Mwanamume wa namna hiyo unamkataaje?

Harusi ni Oktoba. Utakuja. Mambo yako yatakuwa yamenyooka.

Shangazi

*

Barking
Jumatatu, 1 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo, haraka haraka. Ile yako ya tarehe tisa imefika, na kuna mambo yanatokea nisiyoyaelewa.

La kwanza, Emma amepatikana, na hajapatikana. Alifariki mwaka tisini na nane. Lakini kasisi alisoma barua yangu kanisani, na mama mmoja akasimama akasema huyo ni mama yangu. Anaitwa Lorraine, ana miaka sabini na minne, na ameniandikia kwa mkono. Hajui kitu kabisa juu ya kiwanda. Anauliza ni nani anamtafuta mama yake baada ya miaka yote hii, na kama ni habari njema. Nimemjibu kwamba rafiki wa mama yake yu hai, kwamba habari ni njema, na kwamba aje kwenye sherehe ya tarehe kumi na tatu akayasikie kwa mwenyewe. Kwa kuwa nimekatazwa kufika kwa Bibi Daisy, nilimwomba kasisi ampelekee kikaratasi kwa posta, kwa hiyo naye anajua Lorraine anakuja.

La pili ndilo linalonikosesha utulivu. Alhamisi Mitesh alinipigia. Bibi Daisy amempata kwenye simu, akamwamuru ailete nishani ukumbini siku ya sherehe, na amlete Blandina. Alipouliza sababu, akakatiwa simu. Halafu Mitesh akaniambia, “Blandina, yeye kapata barua toka Tanzania. Stempu na twiga. Wewe najua hii?”

Shangazi. Umefanya nini? Na anwani umeitoa wapi?

Sijui kama naenda kufukuzwa mbele ya watu au vipi. Nimepiga pasi lile gauni la kitenge. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nimependeza.

Blandina

*

Barking
Jumapili, 14 Julai 2024

Shangazi Placida, bibi harusi,

Shikamoo, hongera, na vigelegele kutoka Barking mpaka Mbinga! Barua ya ndoa ilifika Ijumaa na nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. “Anapita tu kwa mazoea.” Miezi yote hiyo! Mpe shikamoo yangu Mzee Samson, mwambie nimemkubali tangu mlango wa jiko.

Sasa kaa vizuri, nikwambie ya jana.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na chai, keki, meya na mkufu wake wa cheo shingoni, na kamati wamevaa maua. Mimi nilisimama nyuma kabisa karibu na birika. Mitesh alikuwa pembeni yangu na nishani mfukoni, anatokwa jasho kuliko mimi. Bibi Daisy aliingia kwenye kiti chake cha magurudumu, gauni la bluu, midomo imepakwa rangi. Hakunitazama. Nikasema moyoni, haya, nimekwisha.

Mtu wa kamati akasoma karatasi: siku ile, namba arobaini na moja, alirudi ndani ya moto mara tatu. Watu wakapiga makofi. Wakampa Bibi Daisy kipaza sauti aseme neno la shukrani.

Akasema, “Jina mlilosoma ni langu. Mikono haikuwa yangu.”

Akayasema yote, Shangazi, bila kupunguza. Kibao, mchumba, mto, hospitali. Alisema alivyovaa glavu siku ya kupewa nishani. Akasema, “Aliyeingia motoni anaitwa Emma. Kwa miaka themanini sijalitamka jina hilo mbele ya watu, nisameheni nikilirudia.” Akalirudia, Emma, Emma, akanywa maji, akaendelea.

Kisha akanyoosha gongo lake hadi kule nyuma niliko. “Na yule aliyevaa kitambaa cha maua hajaiba kitu. Nilimpa mimi. Alinyamaza kwa sababu nilimwomba, na mimi nikanyamaza kwa sababu ni mwoga. Nimeshamwacha mwanamke mmoja aumie kwa jina langu. Wa pili nilikuwa nimeanza kumwacha, mpaka nikaandikiwa barua.” Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Mitesh akatoa ile fomu mfukoni, akaegemea ukuta na kuandika palepale, huku anafuta macho kwa kiwiko. “Sasa mimi napata sababu,” akaniambia. “Monday unarudi kazi, sawa?”

Wakati wa chai Bibi Daisy aliniomba msamaha, nikamwomba asiniombe, tukaishia kucheka. Akatoa barua yako mkobani. Ile bahasha, Shangazi! “Kwa Bibi Daisy, miaka tisini na tisa, mwenye nishani, mlango wa njano, mtaa wa tatu kutoka kwa Blandina Hyera,” na anwani yangu chini yake, yote kwa Kiingereza cha posta. Na ikafika! Barua yenyewe alishaisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Naijua kwa moyo sasa: “Mama mheshimiwa, shikamoo. Mtoto niliyemlea amekaa nyumbani bila kazi kwa sababu ya kitu ulichompa. Yeye hatakwambia, kwa kuwa nilimlea vizuri mno. Mimi nakwambia. Rafiki yako alikupa siku moja. Tafadhali mpe mwanangu dakika moja. Placida Hyera, Posta, mstaafu.”

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote, keki mdomoni.

Lorraine alikuwa amekaa safu ya pili muda wote huo, hajasogea. Ni mwanamke mrefu, mikono mikubwa. Alipokuja kwetu hakusalimia hata. Akasema, “Alituambia ni mafuta ya kukaangia. Vidole vyake vilikuwa havikunjiki. Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa namfunga vifungo vya gauni, na nilikuwa naona aibu, nikiomba wenzangu wasiione mikono yake.” Akafunika uso. Bibi Daisy akamvuta kwa kola ya koti mpaka vichwa vikagusana, wakalia pamoja kwa raha zao, na sisi tukasimama tukawangoja.

Kisha Bibi Daisy akaipokea nishani kwa Mitesh, akataka kumpachika Lorraine kwa mkono wake mwenyewe. Ikachukua muda, pini ndogo na vidole vya miaka tisini na tisa, na hakutaka msaada wa mtu. Watu wote walikuwa wanashangilia kama goli limeingia. Meya akainama, akalisoma jina kwenye ukingo, akasikitika. Akamwambia Lorraine kwamba makosa haya yanaweza kurekebishwa, ataandika barua kwa wanaohusika, jina la Daisy lifutwe na lichorwe la mama yake.

Lorraine akaifunika nishani kwa kiganja.

“Hapana, liacheni,” akasema. “Mama yangu alilala hospitali wiki sita wakimwita Daisy, na kila walipomwita aliitika. Hilo ni jina lake pia.”

Shangazi, Bibi Daisy alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, meno ya bandia yote nje, kicheko cha msichana aliyetoroka zamu. Sijapata kumsikia akicheka hivyo.

Kesho saa moja asubuhi niko kwake, na majani ya chai ya kutosha. Ninakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Mwanao,
Blandina